Chanjo ya homa ya mafua vyuoni: nini humsogeza mwanafunzi, nini humzuia (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Ukurasa huu ni wa viongozi wa jumuiya za wanafunzi wa Afrika Mashariki katika vyuo vikuu vya Marekani, wahudumu wa zahanati za vyuo wanaoshirikiana nao, na mwanafunzi yeyote anayejiuliza kama akachanje au aache. Mwishoni kuna maneno machache kwa walioko Uingereza na kwa wanaorudi nyumbani likizo.

Wanafunzi wasiochanja, je, wote wanaipinga chanjo?

Hapana. Wapo wanaoipinga, lakini kundi kubwa zaidi ni la wale waliokwisha kukubali na hawajaenda. Muulize mwanafunzi mwezi Septemba, atakwambia atachanja. Oktoba inaingia na mitihani ya katikati ya muhula, Novemba watu wanasafiri kwa sikukuu ya Thanksgiving, na Desemba anaugua akiwa na karatasi tatu za kuwasilisha. Uchunguzi uliofanywa katika vyuo vikuu 8 vya North Carolina msimu wa 2009–2010 ulikuta kwamba karibu mwanafunzi mmoja tu kati ya watano ndiye aliyekuwa amepata chanjo ya msimu. Huko Minnesota, wanafunzi waliofuatiliwa kati ya 2002 na 2006 walikuwa wamechanja kwa takriban asilimia 30.

Kampeni nyingi hukwama hapohapo. Zinamhubiria mtu ambaye hana ubishi, badala ya kumpa mahali, siku na saa.

Kijana mwenye afya njema ana haja gani na chanjo hii?

Tuseme ukweli: mtu wa miaka 20 asiye na ugonjwa mwingine ana uwezekano mdogo sana wa kufa kwa homa ya mafua. Ukimtisha kwa kifo, hatakuamini, na ana haki. Anachopoteza ni wiki nzima: homa ya ghafla, misuli kuuma, kichwa kizito, kikohozi kinachobaki hata baada ya homa kushuka. Kwa mwanafunzi, wiki hiyo ina majaribio, maabara zisizorudiwa na zamu za kazi zinazomlipia chakula. Ule uchunguzi wa Minnesota ulionyesha kwamba waliochanja waliugua kidogo zaidi, walikwenda hospitali mara chache zaidi na walikosa masomo kidogo zaidi.

Halafu kuna bweni. Vyumba vya watu wawili, bafu la pamoja, mgahawa mmoja. Mwezi Novemba 2021 Chuo Kikuu cha Michigan kilipata wagonjwa zaidi ya 700 waliothibitishwa kwa vipimo ndani ya wiki chache, hadi wataalamu wa CDC, kituo cha taifa cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, wakaenda kuchunguza.

Na si kila mwanafunzi ana afya njema. Mwenye pumu, kisukari au sikoseli yumo kwenye kundi ambalo homa ya mafua huliumiza vibaya. Sikoseli tunaitaja makusudi, kwa sababu wanafunzi wetu wengi wanaishi nayo, au anaishi nayo mwenzao wa chumbani, na ni wachache waliowahi kuambiwa kwamba wao wawe mstari wa mbele.

Nitajuaje kama ni homa ya mafua au mafua ya kawaida?

Mafua ya kawaida huja polepole: koo linawasha, pua inatiririka, unaendelea na shughuli. Homa ya mafua humwangusha mtu ghafla, asubuhi mzima na jioni hawezi kuinuka kitandani. Ukishuku ni yenyewe na una ugonjwa wa kudumu, nenda zahanati mapema, kwa sababu dawa ya oseltamivir hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze.

Kutisha watu kunasaidia?

Kunabadilisha maneno yao kuliko hatua zao. Ushahidi mzuri ni wa zamani na ulipatikana kwa wanafunzi wenyewe. Mwaka 1965 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapa wanafunzi vijitabu kuhusu pepopunda, vingine vya kutisha sana, vingine vya upole. Vijitabu vya kutisha viliwafanya waseme chanjo ni muhimu, lakini waliokwenda kuchanja walikuwa kama asilimia 3 tu. Kundi lililopewa ramani ya chuo yenye zahanati iliyozungushiwa alama, pamoja na saa za kuchanja na ombi la kuangalia ratiba zao ili wachague muda, lilikwenda kwa takriban asilimia 28. Zahanati ilikuwa ileile, na wanafunzi hao waliijua ilipo.

Basi ujumbe tuuandike vipi?

Ujumbe mzuri una mambo manne: chanjo tayari ni yako, mahali kamili, muda, na swali linalomfanya mtu ajibu kwa saa. Mfano wa kutuma WhatsApp kwa mtu mmoja mmoja:

"Habari dada Asha. Chanjo yako ya homa ya mafua imeshatengwa. Jumanne tarehe 7 Oktoba, saa 6 mchana hadi saa 9 alasiri (kwa saa ya simu 12:00 hadi 15:00), ukumbi wa chini wa maktaba kuu, mlango wa upande wa mgahawa. Njoo na kitambulisho cha chuo na kadi ya bima, uvae mikono mifupi. Utapita saa ngapi?"

Kila kipande kina sababu yake. Maneno "imeshatengwa" si mapambo: katika majaribio makubwa ya ujumbe wa simu yaliyofanywa mwaka 2020 kwa wateja wa maduka ya dawa ya Walmart, ujumbe uliofanya vizuri zaidi ni ule uliomwambia mtu kwamba chanjo inamsubiri, ukarudiwa baada ya siku chache. Swali la "saa ngapi" nalo lina ushahidi wake. Mwaka 2009 wafanyakazi wa kampuni moja ya Marekani walipelekewa barua za chanjo. Walioachiwa nafasi ya kuandika siku na saa watakayokwenda walichanja kwa asilimia 37, dhidi ya 33 kwa waliopata tangazo tupu. Kuandika siku peke yake, bila saa, hakukuleta tofauti ya kutegemewa.

Na saa ziandikwe kwa namna zote mbili. Aliyefika Marekani mwezi uliopita akisoma "saa 6" anaelewa mchana; aliyekulia Minneapolis anaelewa jioni, na atakuta meza zimeondolewa.

Usitume kwenye kundi la watu 200 ukaridhika. Ujumbe wa kundi kila mtu anauona ni wa mwenzake.

Je, tuwawekee miadi bila kuwauliza?

Ikiwezekana, ndiyo, mradi kukataa kuwe rahisi. Katika Chuo Kikuu cha Rutgers, wafanyakazi waliopelekewa barua pepe yenye miadi iliyokwisha kupangwa walichanja kwa asilimia 45. Walioambiwa tu kwamba wanaweza kujipangia walichanja kwa asilimia 33. Tahadhari moja: wengi waliopangiwa hawatatokea, kwa hiyo panga watu wengi kuliko nafasi zako na usimfungie mlango anayekuja bila miadi.

Kituo kiwekwe wapi na lini?

Pale ambapo mwanafunzi anapita hata kama hana habari ya chanjo. Mlango wa mgahawa wakati wa chakula cha mchana, ukumbi wa chini wa bweni kuanzia saa 11 jioni, maktaba, ukumbi wa mazoezi. Zahanati ya chuo mara nyingi iko pembeni na inafungwa saa ambayo maabara zinaisha. Kumtaka mtu atoke nje ya njia yake kwa dakika 20, akajaze fomu, asubiri, kisha arudi, ni kumtaka asije.

Msimu wa homa ya mafua Marekani huanza Oktoba na mara nyingi hufikia kilele kati ya Desemba na Februari. Kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka. Kwa hiyo wiki ya mwisho ya Septemba hadi mwisho wa Oktoba ndiyo dirisha zuri, kabla watu hawajasambaa kwa Thanksgiving na kurudi na virusi vya miji yote. Aliyekosa Oktoba asiambiwe amechelewa. Mlete Novemba, mlete Januari.

Epuka siku moja kabla ya mitihani ya katikati ya muhula. Mkono huuma siku moja au mbili na baadhi hupata uchovu au homa ndogo. Mwanafunzi anayejua ana mtihani wa kemia kesho atakuahidi wiki ijayo, na wiki ijayo haitafika. Wachezaji nao wachanjwe mara baada ya mechi, wasichanjwe siku ya kuikaribia.

Kuhusu idadi: ukikadiria dakika 3 kwa mtu, mchanjaji mmoja hufikia watu 20 kwa saa. Wachanjaji 3 kwa saa 3 ni watu 180, lakini hiyo ni iwapo fomu zimejazwa kabla ya kufika mezani. Fomu ikijazwa mezani, kasi inashuka na mstari unarefuka. Na mstari mrefu ndio unaowarudisha watu, kwa sababu anayepita huuangalia huo kabla ya kusoma bango.

Siku yenyewe, mambo gani huharibika?

La kwanza ni umri. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wapo wenye miaka 17, na katika majimbo mengi hawa wanahitaji idhini ya mzazi. Ikiwa mzazi yuko Mwanza au Mombasa, tofauti ya saa ni 7 au zaidi, hivyo saini yake haipatikani mkiwa tayari mezani. Wapelekeeni fomu wiki mbili kabla.

La pili ni kadi ya bima. Mwanafunzi ana bima ya chuo lakini hajawahi kuipakua kadi kwenye simu. Wekeni mtu mmoja mwenye intaneti nzuri kabla ya meza ya usajili, kazi yake iwe hiyo tu.

La tatu ni nguo. Shati la mikono mirefu lenye kubana hukunjwa likafunua nusu ya chini ya msuli au, likishushwa shingoni, nusu ya juu. Mchanjaji aliyelazimika kuchoma juu mno anaweza kuingiza dawa kwenye kiungo cha bega, na maumivu yake yakadumu miezi. Mahali sahihi ni vidole viwili hadi vitatu chini ya ncha ya mfupa wa bega, katikati ya unene wa msuli, sindano ikiingia wima. Dozi ni mililita 0.5. Mwenye mikono mirefu apewe pazia avue.

La nne ni ubaridi. Chanjo hii hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Watu huogopa joto, lakini kwenye kibebeo kinachotumika ukumbini hatari kubwa ni kuganda: pakiti ya barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza ikigusana na sindano zilizojazwa, dozi zinaganda. Iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Tumieni chupa za maji yaliyopozwa, tenganisheni kwa kadibodi, na kipimajoto kikae katikati ya dozi.

La tano ni kuzirai, hasa kwa vijana. Kila mtu achanjwe ameketi na akae dakika 15 kabla ya kuondoka.

Kama nilichanja mwaka jana nikaugua vilevile?

Inatokea. Katika misimu ambayo chanjo imelingana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza hatari ya kuugua kwa takriban asilimia 40 hadi 60. Si ngao kamili, ila aliyechanja akiugua kwa kawaida haugui vibaya kama ambavyo angeugua bila chanjo.

Kama uliugua siku tatu baada ya sindano, sababu ziko mbili. Ama uliambukizwa kabla kinga haijajengeka, ama ni virusi vingine vya mafua, ambavyo Septemba na Oktoba vimejaa mabwenini. Chanjo ya sindano haina kirusi hai, hivyo haiwezi kukupa homa ya mafua.

Ukimjibu mwenzako jambo hili, kuwa na subira. Watafiti wa Marekani walioandika mwaka 2015 walikuta kwamba kusahihisha dhana ya "chanjo inaleta mafua" kuliwafanya watu waiache dhana hiyo, lakini wale waliokuwa na hofu kubwa ya madhara wakawa na nia ndogo zaidi ya kuchanja. Hofu yao haikuwa pale. Muulize kwanza anachoogopa, msikilize, ndipo ujibu hilo.

Naogopa sindano. Kuna njia nyingine?

Ipo chanjo ya kupuliza puani, inayoruhusiwa kwa wenye miaka 2 hadi 49, mililita 0.1 kila tundu. Ina virusi hai vilivyodhoofishwa, hivyo haiwafai wajawazito, wenye kinga dhaifu wala mwenye sikoseli ambaye wengu wake haufanyi kazi; mwenye pumu azungumze na mhudumu kwanza. Kwa Waislamu: chanjo hii ya puani ina jelatini itokanayo na nguruwe. Wapo wanazuoni wanaoiruhusu kama dawa na wapo wasioridhika nayo. Chanjo nyingi za sindano hazina jelatini kabisa, kwa hiyo omba kusomewa orodha ya viambato na uchague kwa amani. Jumuiya inayotangaza chanjo ya puani bila kusema hili hupoteza imani ya wanachama wake mara moja, na haki yao.

Ukiamua kuchomwa, mwambie mchanjaji kabla kwamba unaogopa. Lala badala ya kuketi. Kama huwa unazirai, kaza misuli ya mapaja na tumbo sekunde 10 hadi 15, achia, rudia. Hii huzuia shinikizo la damu lisishuke. Mkono unaochomwa uache umelegea, kwa sababu msuli uliokazwa huuma zaidi.

Ujumbe wa WhatsApp unasema chanjo zinaleta ugumba. Tujibu nini?

Chanjo ya homa ya mafua haiathiri uzazi, na wajawazito ni miongoni mwa wanaohimizwa zaidi kuipata. Wengi waliokulia Kenya wanakumbuka madai ya mwaka 2014 dhidi ya chanjo ya pepopunda, kwa hiyo usimdharau anayeuliza. Swali lake lina historia. Madhara makubwa yapo ila ni adimu: mzio mkali, na ugonjwa wa neva wa Guillain-Barré, ambao hukadiriwa kuwa kisa kimoja au viwili vya ziada kwa kila dozi milioni. Taja namba hizo wazi. Anayefichwa jambo dogo huhisi kuna kubwa lililofichwa.

Sauti ya nani inasikilizwa zaidi?

Ya mhudumu wa afya anayemwambia mtu uso kwa uso, "Nakushauri uchanje leo, na chanjo ninayo hapa." Hata aliyekuja kwa kuteguka kifundo cha mguu aambiwe hivyo. Baada yake ni marafiki: uchunguzi uliofanywa kwa wanafunzi wa Harvard na kuchapishwa 2007 ulionyesha kwamba rafiki akichanja, uwezekano wa wewe kuchanja unapanda. Njoo na mwenzako wa chumbani. Wazazi nao wana uzito mkubwa, hasa kwa walioacha nyumbani juzi; mama akiuliza kwa simu "umeshachanja?" amefanya kazi ya mabango kumi.

Zawadi zinasaidia?

Pesa inasaidia. Jaribio moja katika vyuo vya Marekani lilitoa dola 30, na waliochanja wakaongezeka kwa pointi 12 za asilimia. Lakini jumuiya ndogo haina fedha hizo, na kabla ya kutafuta mfadhili wa zawadi, tumieni pesa mliyonayo kuongeza mchanjaji wa pili au saa mbili za jioni.

Na kulazimisha?

Chuo Kikuu cha California kiliagiza chanjo hii kwa wanafunzi na wafanyakazi wake msimu wa 2020. Jimbo la Massachusetts lilitangaza sharti kama hilo Agosti 2020, likaliondoa Januari 2021. Sharti hufanya kazi pale chanjo inapopatikana kirahisi na misamaha ikieleweka. Jumuiya ya wanafunzi haina mamlaka hayo, wala isijifanye inayo.

Ni bure?

Kwa wengi, ndiyo. Tangu sheria ya afya ya 2010, bima nyingi za Marekani hulipia chanjo zinazopendekezwa bila mwanachama kuchangia, mradi uende kwa mtoa huduma anayetambuliwa na bima yako. Hapo ndipo watu hukamatwa: duka la dawa lililo karibu na bweni linaweza kuwa nje ya orodha ya bima ya chuo. Piga namba iliyo nyuma ya kadi kabla ya kwenda. Asiye na bima aulize idara ya afya ya kaunti.

Mbona kila mwaka?

Virusi hubadilika na kinga hupungua. Shirika la Afya Duniani (WHO) huchagua aina za kuwekwa kwenye chanjo ya kaskazini mwa dunia kila Februari.

Nani asichanje, au angoje?

Aliyewahi kupata mzio mkali baada ya chanjo ya homa ya mafua. Mwenye homa kali leo angoje apone. Aliyepata Guillain-Barré ndani ya wiki 6 baada ya chanjo iliyopita azungumze na daktari. Mzio wa mayai si kizuizi tena Marekani.

Niko Uingereza. Utaratibu ni huohuo?

Hapana. Huko NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, haitoi bure kwa kila mtu mzima. Mwanafunzi mwenye pumu inayohitaji dawa ya steroidi mara kwa mara, kisukari, sikoseli au mjamzito hupata bure, na wanaosoma udaktari au uuguzi hupewa wakiwa kwenye mafunzo ya wodini. Wengine hulipa kwenye duka la dawa. Jisajili kwa daktari wa eneo wiki ya kwanza ya kufika, maana usipokuwa kwenye orodha yake hutaitwa.

Narudi Afrika Mashariki Desemba. Chanjo ya Marekani itanifaa?

Ndiyo. Karibu na ikweta homa ya mafua huzunguka mwaka mzima, na safari yenyewe ni saa nyingi kwenye ndege na viwanja vya ndege katikati ya msimu wa kaskazini. Chanja angalau wiki mbili kabla ya kuondoka. Nyumbani hupatikana zaidi katika baadhi ya hospitali binafsi za mijini, nawe utalipa.

Ukisharudi chuoni Januari ukapata homa, hata kama umechanja, mwambie muuguzi kabla hajakuuliza: "Nimetoka Tanzania wiki iliyopita," au nchi yoyote uliyokuwa. Msimu huo kila mwenye homa hudhaniwa ana homa ya mafua na kurudishwa bwenini akapumzike. Omba kipimo cha malaria siku hiyohiyo.